Mwenzangu kwa Kiingereza

Blacktown, 5 Mei 2025

Mama Vanessa wangu,

Salamu kutoka huku Blacktown, ambako baridi imeanza kuingia na mume wangu Mwiti ameshatoa ile jaketi yake mbaya. Najua Vanessa alituambia tuandikiane barua kwa ajili ya filamu tu, apate maneno ya kusomwa juu ya picha. Filamu imeisha lakini mimi nimezoea, sasa itabidi univumilie. Mimi nalala mchana, wewe mchana uko kazini, simu zetu hazikutani hata siku moja. Barua angalau unaisoma ukitoka kuwaogesha wazee wako.

Jana binti yako aliniletea filamu kwenye laptopu. Bado haina yale maandishi ya Kiingereza ya chini, lakini mimi na wewe tunayahitaji ya nini? Nilikaa kitandani na kikombe cha chai, nikasema natazama kidogo halafu nalala. Woi! Chai ilipoa, usingizi ukaenda zake. Mama Vanessa, kwani hukuniambia wewe ni mwigizaji?

Pale jikoni unaponisuka huku ukinisimulia yule mzee wa kazini anayekuita kwa jina la marehemu dada yake, na wewe unaitika kwa sababu ndivyo anavyokula. Mikono yako haisimami, mdomo hausimami, na mimi nimekunja uso kwa sababu unanivuta kweli kweli! Halafu pale hospitali, tumekwenda kuchukua majibu yangu, yule msichana wa mapokezi anakuuliza wewe ni nani wa mgonjwa. Kiingereza kinakutoroka. Unanitazama, unamtazama yeye, unasema, "Huyu ni mwenzangu." Basi. Hujaongeza neno. Nililia, aki, na ni mimi niliyekuwa nimekaa hapo kando yako siku ile tukirekodi, nikiwaza tu viatu vinavyonibana.

Unakumbuka mchezo wetu wa sofa? Wanawake wawili wakitokea pamoja kwenye sinema, tunaanza kubahatisha. Huyu atamnyang'anya mwenzake bwana. Huyu yuko hapo kushika mkoba wa bibi harusi. Huyu atakufa, ili yule mrembo apate kujifunza jambo. Na hatukosei! Mimi natazama sinema tangu nikiwa msichana kule Meru, kwa video ya jirani, watoto tumejaa hadi mlangoni, na sijawahi kuona wanawake wawili wanaopendana tu. Wanagombana kuhusu chumvi, wanachekana, mmoja anaumwa mwingine anabeba mkoba, na hakuna mwanamume anayeingia kuwagombanisha wala kuwapatanisha. Nilikuwa nadhani labda maisha kama hayo hayafai kuwekwa kwenye picha. Sasa nimeyaona, na ni ya kwetu.

Niambie mwalimu wake chuoni alisemaje. Asiposifu, nipe namba yake.

Wako,
Nkatha (Mama Abigail)


Guildford, 10 Mei 2025

Mama Abigail, rafiki yangu,

Aksanti mingi kwa barua. Niliisoma kwa treni nikitoka kazi, nikacheka, nikalia kidogo, nikapita Guildford bila kujua. Nilishuka Yennora na nikarudi kwa miguu. Ni kosa yako.

Usiseme mi ni actrice. Wewe ndiwe uko star. Pale unangojea majibu na unaongea tu juu ya nyanya, nyanya ya soko hii na nyanya ya soko ile, na batu bote banajua hauwazi nyanya. Mi niliona tena ile siku ya kweli, miaka mbili imepita, tulikaa kwa vile viti ya plastiki kwa sababu ya kile kivimbe yako. Daktari alitoka akasema si kitu mubaya, na wewe ukamuuliza kama choo iko wapi. Vanessa alitaka kuweka hiyo ya choo kwa filamu. Nilikataa, nikasema aheshimu auntie yake.

Sasa mwalimu. Vanessa alirudi na kasirani, akatupa begi. Nikamuuliza, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida, mi namuuliza kwa Kiswahili, jirani akitusikia atasema nyumba hii iko na wazimu. Kumbe mwalimu alisema filamu iko muzuri sana, lakini fitina iko wapi? Bwana ya ule mwanamke mugonjwa eko wapi? Pengine huyu mwingine anamupenda pia, kwa siri? Hapo ndio kutakuwa hadithi, ati. Na Vanessa akamujibu: "Sir, mama yangu akipata muda ya kuiba bwana ya mutu, atalala kwanza." Nilipiga magoti nikashukuru Mungu kwa huyu mutoto.

Alikataa kubadilisha, na quand même, hata hivyo, wameichukua! Siku ya samedi, Jumamosi ya kwenu, tarehe saba mwezi wa sita, watayionyesha Parramatta kwa ile festival ya filamu ya vijana. Vanessa anasema mutu akionekana pale, anaweza kupata kazi ya kweli ya kamera. Hasemi kama anaogopa lakini hakuli.

Mbele ya hiyo, dimanche ya tarehe kumi na nane, Mama Divine, mukubwa ya chorale, anataka tuonyeshe kipande kwa bamama ya kanisa, kisha ya ibada. Najua uko kazini ile siku. Nitavaa kitenge ya blue. Unajua mi, tangu baba ya Vanessa alikufa, ni chorale ya bamama ndiyo ilinisimamisha. Nataka banione nikifanya kitu ingine, isiyo kuimba na kulia.

Nakukumbatia,
Honorine


Guildford, 19 Mei 2025

Nkatha,

Usipige simu tena. Nimeizima.

Jana tuliketi kwa salle, ukumbi ya kanisa, bamama bote, na babwana kidogo bakabaki nyuma kungojea chakula. Vanessa akawasha. Pale jikoni bakacheka muzuri, bakapiga makofi. Mi nilikuwa na moyo mukubwa. Alors ikafika hospitali. Nikasikia sauti yangu: Huyu ni mwenzangu. Na salle yote ikapasuka. Si kucheka ya furaha. Mi sisomi Kiingereza mbio, nikamuuliza Kendi ya chorale mwenye alikuwa kando yangu, wameandika nini pale chini? Akaangalia viatu yake. Nikamuuliza tena. Akasema, Mama Vanessa, wameandika "my co-wife".

Mke mwenza, Nkatha! Mi, mujane, nasimama mbele ya bamama ya kanisa na sauti yangu mwenyewe, naambia dunia kama tunagawana bwana, mi na wewe!

Na batu bakakumbuka. Mwiti alinibebea frigo. Mwiti alirekebisha mulango yangu. Mwiti ananirudisha nyumbani kukinyesha. Yote ile wema, jana ikapata jina ingine. Kufika jioni walikuwa banaongea kama filamu ni ushuhuda ya kweli. Mama Divine aliniita kando, kwa sauti ya chini, akasema nipumzike kidogo na chorale mpaka maneno ipoe. Kupumzika! Nimechoka na nini?

Kisha picha ikaisha na nikaona majina. Yangu naweza kusoma. Yako pia. "Translation: Nkatha Mwiti." Jina moja tu.

Wewe unajua Kiingereza ya daktari na ya avocat ya korti. Unajua Kiswahili kunipita. Unajua mwenzangu ni nini. Basi niambie ni mchezo gani huu? Ulitaka kuchekesha batu na mi?

Honorine


Blacktown, 22 Mei 2025

Vanessa mtoto wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe utaelewa yote, najua unavyojifanya. Hii barua naipeleka kwa anwani ya chuo ili mama asiione.

Usilie tena. Jana kwenye simu sikuweza kusikia hata neno moja kwa kile kilio. Nimeelewa hivi: mimi nilikusaidia kutafsiri mwanzo tu, pale jikoni, halafu zamu za usiku zikanibeba, ukamalizia peke yako. Ukaweka jina langu peke yake kwa heshima. Hapo kwenye "mwenzangu" sijui ulipata wapi hiyo co-wife. Labda ni simu yako imekutafsiria, labda ulikuwa na usingizi. Sikuulizi.

Ninachokuambia ni kimoja. Usimwambie mama ni wewe. Yeye amebaki na wewe tu katika nchi hii. Akinikasirikia mimi, mimi nina nyumba yangu, nina Mwiti, nina Abigail, nitakunywa chai yangu nikingoja apoe. Akikukasirikia wewe atalala njaa chumba kimoja na wewe chumba cha pili. Nitasema ni mimi. Wewe badilisha hilo neno upesi, uwaandikie watu wa Parramatta wakupe nafasi ya kuleta nakala nyingine.

Na ule chakula. Kula.

Auntie Nkatha


Blacktown, 22 Mei 2025

Mama Vanessa,

Ni mimi. Sina la kujitetea. Nilitafsiri nikiwa nimetoka zamu, macho hayaoni, nikaandika upuuzi, na sikurudi kusoma tena. Si mchezo na sikutaka kuchekesha mtu. Nisamehe.

Mwiti alirudi kutoka dukani akicheka, ati vijana wamemwita mzee wa maboma mawili. Nilipomweleza lilikotoka hakucheka tena. Anataka aende kwa Mama Divine azungumze. Nimemwambia akae kitako, mwanamume akianza kukanusha jambo kama hili analiongezea miguu.

Nilikasirika sana, Honorine. Najua umekasirika kunishinda, lakini nisikie. Sisi tumecheka sinema miaka yote kwa sababu hawawezi kuona wanawake wawili bila kutafuta bwana katikati. Na sasa tumetengeneza ya kwetu, na neno moja bovu limetosha watu wote wa kanisa kumtafuta bwana! Wamekuona ukinisuka, wamekuona ukinishika mkono kwenye vile viti, na wakayasahau yote hayo papo hapo. Inaniuma kwa sababu ulikuwa mzuri mno.

Nakuomba jambo moja. Unikasirikie mimi utakavyo, lakini usiizuie filamu ya Vanessa. Neno litabadilishwa. Jumamosi ile mtoto asimame mbele ya watu na kazi yake. Hana kosa lolote.

Nkatha


Guildford, 27 Mei 2025

Mama Abigail,

Nimesoma. Nimekusamehe juu Biblia inasema. Kwa moyo bado.

Filamu haitaonyeshwa na uso yangu. Nimemwambia Vanessa awaandikie bale batu ya Parramatta. Neno ikibadilishwa, kicheko yao itabadilishwa na nani?

Unajua yenye inaniuma? Si bamama. Ni hii: kwa hospitali ile ya kweli, nilikuita ile neno kwa kinywa yangu, na nilifikiri ulisikia. Kumbe hata wewe haukusikia.

Samedi usikuje kwangu kuangalia sinema.

Honorine


Guildford, 29 Mei 2025

Mama,

Mimi naandika Kiswahili. Please usicheke na usirekebisha. Nimeweka chini ya mlango yako kwa sababu nikisema nalia na Kiingereza inatoka.

Ni mimi niliandika co-wife. Si Auntie Nkatha. Yeye alitafsiri jikoni tu. Yeye aliniambia nisiseme, alisema atabeba. Lakini wewe umeacha kula kwa sababu ya yeye, na yeye hakufanya kitu.

Simu haikunitafsiria. Nilijua nini naandika.

Mama, nani alinifundisha hii neno? Ni wewe. Nilikuwa mdogo. Koko, mama yako, alipiga simu kutoka Bukavu na kila wakati alisema mwenzangu. Mwenzangu anakusalimia. Mwenzangu ananisumbua, hataki nilime na jua. Mwenzangu asipokula na mimi sikuli. Nilikuuliza, mama, mwenzangu ya Koko ni nani? Na wewe ulisema, ni ule Koko mwingine, bibi wa pili wa babu yako. Nilitafuta kwa Kiingereza. Co-wife. Tangu siku ile mimi nilijua mwenzangu ni co-wife.

Na mimi sikujua ni neno mbaya. Nilijua nini juu ya co-wife? Nilijua wale wawili tu. Babu alikufa na walibaki katika nyumba moja. Wakati ya vita Koko alivunjika mguu na ule mwingine alimbeba mgongoni mpaka kwa wamisionari, wewe ulinisimulia. Wana kitanda mbili lakini wanalala katika kitanda moja kwa sababu ya baridi na wanagombana nani alivuta blanketi. Kwa sinema sijaona wanawake wanapenda kama wale. Popote sijaona. Halafu nikaona wewe na Auntie.

Friend ni neno dogo, mama. Kila mtu shuleni ni friend. Nilitaka neno ya Koko. Nilifikiri ni neno kubwa kabisa.

Bado sijaandikia watu wa Parramatta. Kama unasema hapana nitaandika leo. Sitakasirika.

Samahani sana.

Vanessa wako


Guildford, 2 Juni 2025

Nkatha, mwongo mukubwa weye,

Soma karatasi ya Vanessa, nimeiweka ndani. Kisha rudi hapa.

Umeisoma? Alors uko naona. Mi nilikaa chini kwa sakafu ya couloir, kati ya vyumba, na ile karatasi mpaka miguu ikakufa ganzi. Mutoto mwenye hajanijibu Kiswahili tangu alianza masomo, ameandika ukurasa mbili! Na amenifunga mdomo, juu ni kweli. Ni mi nilimwambia. Nilikuwa napika, sikugeuka hata, nikasema ni bibi ya pili ya babu yako, na nikaendelea na sombe yangu.

Nilipiga simu Bukavu. Mama akasikia hadithi yote, na ule mwingine eko kando yake anauliza, anasema nini? anasema nini? Bakacheka mpaka mama akaanza kukohoa. Kisha ule mwingine akachukua simu, akaniambia: "Mwambie mutoto ameandika vizuri. Ule muzee alitukutanisha tu. Baada ya hapo tuliendelea sisi wenyewe." Nkatha, mi nilikua kwa ile nyumba. Nililishwa na mikono nne. Na sikufikiri hata siku moja kama ile nayo ni kitu ya kuonyesha batu.

Bon. Sasa kanisa. Jana kwa matangazo nilinyoosha mukono. Mama Divine akafanya kama haoni, nikasimama hivyo hivyo. Nikasema: "Bamama, mumesikia kama mi ni bibi ya pili ya Mwiti. Neno ilitafsiriwa na mutoto wangu, na mutoto wangu hana kosa, mulizeni mama yake. Lakini kama munataka kujua nilichukua nini kwa ile nyumba, nitawaambia. Nilichukua Nkatha. Bwana nilimuacha pale pale kwa kiti yake, eko naangalia mupira." Weee! Kendi alianguka juu ya benchi. Hata muchungaji aligeuka ukutani, mabega inatikisika. Nikaendelea, nikawaambia juu ya mama yangu na mwenzake, na ule mugongo wenye ulimubeba. Hapo hakuna mwenye alicheka. Kisha Mama Divine akasema chorale ipande mbele, na akaniangalia, na mi nikapanda. Sikumungoja aombe radhi. Atakuja, namujua.

Neno tumebadilisha. Vanessa alileta mapendekezo mingi, my friend, my sister, my person, yote ikanichosha. Nikamuuliza, mi nikifika kazini na muzee kwa kiti ya magurudumu na askari ya mulango ananiuliza niko nani, nasemaka nini? Nasema, "I come with her." Basi aandike hiyo. Vanessa akataka kurekebisha, ati Kiingereza ya kweli ni "came". Nikakataa. Came ni kama nilikuja mara moja nikarudi. Mi nilikuja na wewe, na nakuja, na nitakuja. Akaandika vile nilisema.

Na sasa wewe. Ulibeba kosa ya mutoto wangu, nikakutukana, ukanyamaza. Nilikuambia haukusikia, na ulikuwa unasikia yote. Usifanye tena. Kosa ya huyu mutoto ni yetu mbili, tutamugombeza pamoja. Nimekusamehe sasa kwa moyo, lakini ni wewe mwenye unapaswa kunisamehe, na nimechoka kuandika.

Samedi nitakuja kukuchukua Blacktown, tuende pamoja. Vaa kitu yenye ina rangi.

Honorine


Blacktown, 9 Juni 2025

Mwenzangu,

Sasa naliandika neno hilo nikijua uzito wake. Juzi tulikuwa pamoja tangu asubuhi hadi wakatufukuza kwenye ule ukumbi wa Parramatta, na bado nina la kukuambia. Mdomoni lilinishinda, kwa zile kelele na Mama Divine akigawa sambusa kwa watu wasiomjua.

Kwanza Vanessa. Ulimwona alivyosimama? Yule bwana wa nyuma alipouliza waume wa hawa kina mama walikuwa wapi muda wote huo, na mtoto wetu akamjibu kwa upole kabisa, "Walikuwa kwenye filamu zingine zote." Hakutabasamu hata! Mwalimu wake alikuwa wa kwanza kupiga makofi, nikamsamehe. Na yule mama mwenye miwani aliyemfuata mlangoni akampa kadi yake, Vanessa amenipigia leo, wanakutana wiki hii kuhusu kazi. Usijifanye hujui, nasikia ulishamnunulia viatu.

Halafu lile neno. Nilikuwa nimejikaza, mikono nimeikunja mapajani, nangoja mtu acheke. Msichana wa mapokezi akauliza. Ukanitazama, ukamtazama. Ukasema. Maandishi yakaja, ya Kiingereza chako cha mlangoni, na ukumbi mzima ukatulia. Safu ya mbele yetu kulikuwa na wanawake wawili wazungu, wazee, wamekuja na blanketi moja la magotini. Mmoja hakusikia vizuri, akamwinamia mwenzake amsomee. Yule akamsomea. Wakakaa hivyo, vichwa vimekutana, hadi mwisho.

Lakini nilichotaka kukuambia ni hiki. Baada ya hapo sikuona kitu. Ile sehemu ya vile viti, ya nyanya, ya wewe kunishika mkono, sikuiona. Maisha yangu yote nimengoja picha yenye watu kama sisi, na ilipokuja, ikawa kubwa ukuta mzima, wewe pale juu umependeza kuliko waigizaji wote niliowahi kuwalilia. Na kando yangu ulikuwepo wewe tena, umevua kiatu kimoja, unapigana na karatasi ya peremende ili isipige kelele, ulimi umetoka kidogo kwa bidii. Sikujua nimtazame yupi.

Nilikutazama wewe. Vanessa akiniuliza kuhusu ile sehemu ya mwisho, nisaidie, sijui iliishaje pale ukumbini.

Wako,
Nkatha